Kusimama Kileleni

Wengi wenu mkinikuta hapa Kasese mnaniuliza swali lile lile: Mama Breki, treni nzuri ni ile ya kasi au ile ya polepole? Nimelijibu swali hilo miaka yote ya kazi yangu, na nililijibu bila kusita, kwa sababu mimi kusita sikujifunza. Leo nitalijibu tena. Lakini mtanivumilia kidogo, vijana wangu, maana jibu langu lilivurugwa na mwanamke mmoja muuza unga wa muhogo kutoka Kinyamaseke, na mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Kwa ninyi mliochelewa kuzaliwa, Nyoka ilikuwa treni ya kuchezea, yenye viti vya wawili wawili. Mnyororo uliivuta kwa mota hadi kilele cha mlima wa vyuma, kisha ikateremka kwa uzito wake yenyewe, ikazunguka kona, ikaruka vilima vidogo na kurudi ilikotoka. Kwenye simu zenu mnaona za nchi za watu, zinazogeuza abiria miguu juu kichwa chini. Yetu haikumgeuza mtu, na hata hivyo nimeona wanaume wenye ndevu wakiita mama zao. Mwenye mali alikuwa Bwana Thembo, aliyeinunua ikiwa imeshatumika kwingine akaileta vipande vipande kwa lori. Sehemu kubwa ya mwaka tulikuwa Kasese mjini. Krismasi na Pasaka tuliifungua na kuihamishia Bwera, na watu wa Kongo wakavuka mpaka kuja kuipanda.

Mimi kazi yangu ilikuwa juu. Pale kileleni, pembeni ya reli, palikuwa na jukwaa la mbao, mwavuli, kiti, na mkono wa breki. Treni ikifika naisimamisha. Naangalia mikanda, naangalia kama kuna aliyetoa mguu nje au aliyebeba kuku mapajani, ndipo naachia. Nyuma yangu palikuwa na ngazi ya kushukia, kwa ajili ya siku umeme ukikatika. Kwa hiyo uso wa kila abiria niliuona pale pale kabla hajaanguka, na niwaambie, hapo hakuna tajiri wala mchungaji. Wote wanakuwa watoto.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa. Alitoka Kenya kama baba yangu, wakaja wote kufanya kazi mgodini, baba chini kwenye miamba na Barasa kwenye winchi, ile mashine ya kuteremsha watu na kupandisha mawe. Alipostaafu mgodini, Bwana Thembo alimchukua kuendesha mota ya Nyoka. Siku yangu ya kwanza aliniambia neno ambalo nimelishika kama amri ya kanisa. Alisema mgodini mawe yalikuwa na kengele yao na watu walikuwa na kengele yao, na mwendo vilevile, mbalimbali. "Jiwe hapana uliza," alisema. "Mutu, wewe uliza kwanza, na macho kama si na mdomo."

Basi mimi nikawa muumini wa kusimama. Ukitaka kujua ninachokipenda, ni hiki: kupanda kwa taratibu mpaka mtu aanze kujuta, kusimama juu akaona milima ya Rwenzori upande mmoja na nyanda za ziwa upande mwingine, akameza mate, kisha mteremko mmoja mkubwa wa kweli. Baada ya hapo kona za upole, ili roho irudi mahali pake. Vilima vidogo vya mwisho ni vya kucheka tu. Treni inayoanza na kasi na kumaliza na kasi ni pilipili bila chakula.

Lakini kila mtu na tumbo lake. Vijana wa kiwanda cha simenti walikimbilia kiti cha nyuma, na walikuwa wanajua wanachofanya. Kiti cha mbele kinaning'inia pale juu na kukuonyesha unakokwenda, lakini kinaanza kushuka polepole. Cha nyuma hakikuonyeshi kitu. Kinanyakuliwa kileleni wakati mbele kumeshazama, nawe unaondoka kwenye kiti ukabaki na mkanda tu. Katikati ni pa wachumba na wajawazito wa kujidai, ambao nao niliwashusha kwa ngazi bila mjadala. Tena asubuhi grisi ikiwa ya baridi treni huenda kivivu. Mchana jua likipiga reli, treni ile ile huwa na wazimu. Mtu akiniambia anataka upole, nilimwambia aje mapema. Na aliyetoka kula bundu, ule ugali wetu mzito wa muhogo, nilimwambia azunguke kwanza sokoni. Walionibishia niliwapa ndoo na tambara wajisafishie.

Majina nayo yalinifundisha. Wakonzo wanampa mtoto jina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kila nyumba ina Baluku wake na Masika wake. Siku moja Bwera mama mmoja alipaaza sauti kutoka chini, Baluku shuka huko juu, na nusu ya behewa wakaanza kufungua mikanda. Tangu siku hiyo sikuita mtu kwa jina. Niliita kwa rangi ya shati.

Hapo Bwera ndipo ilipoanza desturi ya sala. Katekista mmoja alipanda na familia yake siku ya Krismasi, na nilipoisimamisha treni akaona amepewa nafasi. Akavua kofia, akaomba. Kuanzia hapo watu wa Bwera hawakukubali kuteremka bila sala, nami nikawa nasubiri Amina ndipo niachie. Ilikuwa vizuri, ila katekista yule hakujua kufupisha. Aliwaombea wagonjwa wa parokia nzima, akahamia kwa wasafiri, na alipofika kwenye mvua, afande mmoja aliyekaa nyuma alisema Amina kwa sauti ya paredi. Nikaachia. Katekista aliteremka na mvua yake mdomoni.

Huyo afande naye msimwogope. Mara nyingine alipanda peke yake, akafika juu akanikaripia, achia haraka, wewe mama unangoja nini. Nikamtazama. Macho alikuwa ameyafumba muda mrefu.

Sasa nifike kwa Biira, yule muuza unga wa muhogo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, kitenge amekifunga kwa mkazo. Alikuja siku ya soko, akakata tiketi, akakaa kiti kilicho jirani na ngazi. Treni ilipofika juu na kusimama, akaninyooshea mkono kama mtoto darasani. "Mama, mimi nashuka hapa," akasema. Nikamfungulia, akashuka kwa ngazi akishika kila chuma. Niliwahi kuona wengi wa namna hiyo, hawarudi tena. Yeye wiki iliyofuata alirudi. Akapanda, akafika juu, akashuka kwa ngazi. Na iliyofuata tena hivyo hivyo, mpaka vijana wa simenti wakawa wanamtania kwamba amenunua kiwanja huko kileleni.

Mimi sina uvumilivu wa kutojua jambo. Siku moja niliteremka wakati wa chakula, nikamtafuta, nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akanieleza akiwa anafungafunga magunia yake. Mama yake mzazi anaishi ng'ambo ya mto Mubuku, juu ya Bugoye. Mafuriko yalibeba daraja la zege, na maporomoko yakafunga njia ya kuzungukia. Vijana wa kijiji walitandika daraja la waya na mbao, la kuning'inia, nalo ndilo linalopitwa sasa na kila mtu, hata watoto wa shule. Kila mtu isipokuwa Biira. Alikuwa ameshajaribu, akifika katikati daraja linabonyea, tumbo linapanda shingoni, anarudi kwa magoti.

"Si mama abebwe aletwe huku?" nikamuuliza.

Akasema kaka zake walijaribu kumbeba kwa machela, mama akakataa. Alisema hapitishwi juu ya maji amelala kama maiti. Na macho yake yanaingia ukungu, kila mwezi zaidi. Ametuma neno kwamba anataka kuuona uso wa Biira wakati bado anaweza kuutofautisha na wa mtu mwingine.

Ndiyo maana alikuja kwetu. Alifikiri tumbo likizoea kuanguka kwenye Nyoka, litanyamaza kwenye daraja. Niliona ni akili nzuri. Nikamwambia aje kila wiki, asimwogope mtu, akae juu muda anaotaka. Barasa alitikisa kichwa kukubali. Kuanzia siku hiyo nikimwona Biira anapanda, moyo wangu ulipanda naye, na akishuka kwa ngazi nilisononeka kama vile nimeshindwa mimi. Niliapa kwamba mwanamke huyu atateremka kwa reli, hata kama ni mimi nitakayezeeka pale juu nikimsubiri.

Kumbe Bwana Thembo ana lake. Alikuja karibu na Krismasi akasema breki ya juu inang'olewa. Vijana wanaona kwenye simu treni za wenzetu hazisimami, zikifika juu zinapitiliza, na sisi tunawapotezea raha. Tena Bwera watu watakuwa wengi na sala ni ndefu. Sikuwa na hoja ya kumpinga iliyonyooka, maana ni kweli vijana walilalamika. Lakini nilimwambia breki hiyo ikitoka, na mimi natoka nayo. Akasema nisimtishe, mafundi watakuja Jumatatu. Mume wangu alikuwa hana kazi wakati ule, na watoto wako shule. Niliyajua hayo nikiwa nasema, na nikasema tu. Nilimtumia Biira ujumbe kwamba imebaki Jumapili moja. Bila kituo cha juu, niliwaza, mwanamke huyu hatathubutu kamwe, na mama yake ataingia gizani akimsubiri.

Jumapili hiyo alikuja akitoka kanisani, na viatu vya kanisani. Akakaa kiti chake. Nyuma yake walijaa vijana wa simenti. Mnyororo ukalia, treni ikapanda, nikaisimamisha mbele yangu. Biira alishika chuma cha mbele kwa mikono miwili. Nikamwambia achukue muda wake. Akatazama chini, akatazama ngazi. Vijana walianza kunung'unika, nikawaambia anayetaka haraka aruke. Biira akauondoa mkono mmoja, akauelekeza kwenye mkanda, nami nikaona ndiyo basi, anafungua. Akaurudisha.

"Achia," akasema.

"Una hakika, Biira?"

"Mama, hapana uliza. Achia sasa hivi."

Nikaachia. Nilisikia sauti yake ikiteremka hadi kona, ikapotea, ikatokea kwenye vilima vidogo. Sikumbuki nilivyoshuka ile ngazi. Nilifika chini yeye akiwa anatoka kitini, kitenge kimelegea, vijana wakimpigia makofi, nami nikafungua mikono nimkumbatie na kupokea shukrani zangu.

Akanitazama kwa hasira. Alisema kuteremka si kitu, kuteremka ni upepo tu. Kubaya ni kule kusimama. "Wewe unanisimamisha pale, mimi naanza kuwaza," akasema. "Pale ndipo uoga iko. Ungeniachia siku ya kwanza, leo ningekuwa kwa mama."

Barasa alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka. Miaka yote nimekaa pale juu nikiwapa watu zawadi ya kusimama, na huyu ananiambia nilikuwa nampa sumu kijiko kwa kijiko. Ukweli niliumia, nikataka kumwambia akatafute treni nyingine. Lakini alikuwa ameshageuka na kurudi kwenye foleni. Akanipita akisema safari hii nisisimamishe, wala nisimuulize.

Nikapanda ngazi. Mnyororo ukavuta, na treni ilipofika kileleni nikauinua mkono wa breki nikauacha hewani. Biira alinipita bila kunitazama, macho yake yako mbele, na kabla hajazama nikasikia anacheka.

Jumatatu mafundi walipokuja nilimwambia Bwana Thembo asiing'oe, ila nitafanya kazi kwa namna nyingine. Nitawauliza watu chini, kabla ya kupanda: mnataka nisimamishe au mpitilize? Wa kusimama tunawapakia pamoja, wa kupitiliza pamoja. Alifikiri, akasema kama foleni haitachelewa yeye hana neno. Bwera ilitufaa sana. Katekista alikwenda na wenzake wa sala, wa simenti wakaenda kivyao, na mimi nikagundua kwamba nusu ya wazee niliodhani wanapenda taratibu walikuwa wananivumilia tu. Basi hilo ndilo jibu langu, ninyi mnaotaka kazi ya kubeba watu. Penda unachokipenda, mimi bado napenda kusimama. Lakini tumbo linaloteremka si lako.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mwenye busara. Biira hakuniruhusu.

Baada ya sikukuu alikuja kunichukua. Alisema twende, nishuhudie. Tulikwenda kwa bodaboda mpaka Bugoye, tukatembea hadi mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, Mubuku inanguruma kiasi kwamba tuliongea kwa kusogeleana. Daraja lenyewe lilikuwa waya mbili za kushika na mbao zilizopangwa, nyingine zimekosekana. Ng'ambo, kaka zake walikuwa wamemleta mama yao, wamemkalisha kwenye kigoda, ameshika fimbo, uso ameuelekeza kwetu.

Biira alivua viatu, akavitia kwenye mfuko wa unga, akajitwika. Hakuomba, hakupumua kwa nguvu, hakunitazama. Akakanyaga mbao ya kwanza, akaenda. Nikamfuata nikiwa na raha tele moyoni. Urefu haukunisumbua, nimekula chakula changu cha mchana kileleni miaka na miaka. Daraja lilibonyea, mwenzangu hakusimama. Aliendelea vile vile, mguu na mguu, na tulipofika katikati mimi nikafanya nilichozoea. Nikasimama, nitazame.

Daraja halikusimama nami. Liliendelea kuyumba lenyewe, na kati ya mbao niliona maji meupe yakipita kwa kasi, nikahisi ni mimi ninayekwenda. Mkono wangu wa kulia ulitafuta kitu cha kushika, na najua ulichokuwa unatafuta. Kumbe kule juu sikuwa jasiri. Nilikuwa nimeshika breki. Hapa sina, na miguu ikakataa kwenda mbele na ikakataa kurudi. Mganga hajigangi.

Yeye alikuwa ameshafika. Nilimwona akitua mfuko, mama yake akinyanyuka, mkono wa mzee umenyooshwa hewani kumtafuta. Walibakiza hatua chache washikane. Hapo kaka mmoja akanionyesha kwa kidole. Biira akageuka, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akarudi darajani.

Alikuja bila kusimama, daraja likiruka chini yake. Akaushika mkono wangu ule ule uliokuwa unatafuta.

"Hapana angalia chini, Mama Breki. Hapana simama. Mimi iko nakushika."

Nikakiangalia kisigino chake tu, tukaenda, mpaka nikasikia udongo. Machozi yalikuwa yananitoka bila ruhusa yangu. Mama yake alitusogelea, akauchukua uso wa Biira kwa mikono yote miwili, akauleta karibu kabisa na macho yake, akakaa nao hivyo kwa muda mrefu. Kisha akaniinamia mimi, akanichungulia. Akasema kwa Kikonzo, lugha ninayoielewa vizuri, kwamba yeye pale alipokaa aliona watu wawili tu kama vivuli, na mmoja alikwama katikati mpaka mwenziwe akarudi kumchukua. Kati yenu, akauliza, mwoga alikuwa nani?

"Mimi, mama," Biira akajibu, bado ameushika mkono wangu.